UMEMODIFAI GARI? SOMA HII KABLA HUJAKATA BIMA



Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wenye magari huku kwetu wanakichukulia poa sana, nacho ni BIMA. Siku hizi kijana akipata Probox, Noah au IST yake, safari ya kwanza ni gereji. Springi za nyuma zinaongezwa ili gari lisikae chini likipakia, rimu zinabadilishwa, spika kubwa zinafungwa, vioo vinapigwa giza. Wengine wanatupa siti za kiwandani na kumpa fundi achomelee benchi mbili ili abiria wawe wengi. Gari likishapendeza, ndo anapita kwa wakala, analipa bima ya bei ndogo kuliko zote, na hapo anajua kamaliza.

Hajamaliza. Bima kuonekana kwenye simu ya trafiki maana yake ni kwamba ulilipa. Haina maana kwamba siku ya ajali na wewe utalipwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katikati yake ndipo watu wanapopoteza magari, na wakati mwingine mpaka shamba la mzee.

BIMA NDOGO NA BIMA KUBWA

Tuanze na msingi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Hii ndo tunaita bima ndogo. Kazi yake ni kumlipa uliyemuumiza au familia ya uliyemuua. Gari lako wewe likipinduka kwenye mteremko, bima hii haikupi hata senti.

Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 100,000 ukiongeza VAT ya 18%, jumla 118,000. Bima kubwa ndo inayogusa na gari lako pia, kwa ajali, moto na wizi. Kiwango kinachojulikana kwa gari binafsi ni 3.5% ya thamani ya gari. Kwa hiyo gari la milioni 10 ni 350,000, weka VAT 63,000, unapata 413,000 kwa mwaka. Magari ya biashara yana viwango vyake.

Vijana wengi wakiona tofauti ya 118,000 na 413,000 wanachagua ya kwanza. Siwalaumu, hela ni ngumu. Lakini iwe ndogo au kubwa, kuna sharti moja linazihusu zote.

SHARTI LA KUSEMA KWELI

Bima haifanani na kununua sukari dukani. Ukinunua sukari, muuza duka hana haja ya kujua utaitumia wapi. Kampuni ya bima haijaliona gari lako, haijui unaendeshaje wala unabeba nini. Inategemea maneno yako. Ndo maana sheria ya bima inamtaka mteja aseme kila jambo la msingi, yaani jambo ambalo kampuni ingelijua ingeweza kukataa, kupandisha bei au kuweka masharti.

Hayo unayasema kwenye ile fomu ya maombi. Tatizo ni kwamba huku kwetu fomu mara nyingi inajazwa na wakala haraka haraka, wewe umesimama dirishani unataja namba ya gari tu. Anaweka "matumizi binafsi" kwa sababu ndo bei rahisi, unasaini, unaondoka. Kumbuka saini ni yako, si ya wakala.

NI MABADILIKO GANI YANAHESABIKA?

Si kila kitu ni kesi. Tuyagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayobadilisha gari linavyotembea na kusimama: injini nyingine, kuinua au kushusha gari, springi za kuongeza, matairi mapana kuliko ya kiwanda, breki, usukani. Haya yanagusa usalama moja kwa moja. Gari lililoinuliwa linapinduka kirahisi zaidi kwenye kona, na barabara zetu hizi za milima mnazijua. Haya lazima yasemwe.

Fungu la pili ni yale yanayobadilisha kazi ya gari: kuongeza siti, kung'oa siti ili kubeba mzigo, kufunga keria kubwa juu. Haya pia lazima yasemwe, na ndo hatari kuliko yote. Nitayarudia.

Fungu la tatu ni ya urembo na starehe: rimu, redio, spika, rangi, taa za nakshi. Haya mara nyingi hayavunji mkataba, ila yanagusa hela. Kama umefunga muziki wa milioni moja na hujauandika kwenye bima kubwa, usitegemee kulipwa muziki huo. Na ukitaja thamani ndogo ili ulipe kidogo, baadhi ya mikataba inapunguza malipo kwa uwiano uleule. Gari la milioni 10 ukilikatia bima kama la milioni 6, hasara ya milioni 2 unaweza kulipwa milioni 1.2 tu.

Halafu kuna kadi ya gari. Kadi inaonyesha rangi, namba ya injini, namba ya chesisi na idadi ya siti. Ukibadilisha injini au rangi unatakiwa gari likaguliwe na polisi kisha TRA warekebishe taarifa. Kadi ikisema injini hii na gari lina injini ile, ukipata ajali maswali yataanza hapo.

NA UMRI JE?

Kwa bima ndogo, bei haiangalii sana una miaka mingapi. Kwenye bima kubwa umri unaingia kwa mlango mwingine unaoitwa eksesi, yaani kiasi ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mikataba mingi inaweka eksesi ya nyongeza kwa dereva kijana au mwenye leseni changa. Umri gani na kiasi gani, kila kampuni ina maandishi yake. Waulize, wakuonyeshe kwenye karatasi.

Ujanja unaotumika sana ni kuandikisha gari jina la baba au kaka mkubwa na kumtaja yeye kama dereva, wakati anayeendesha kila siku ni kijana wa miaka 20. Ajali ikitokea, aliyekutwa kwenye usukani ndiye anayeandikwa na polisi. Hapo kampuni inajua kwamba tangu mwanzo iliambiwa uongo.

Na leseni iwe ya daraja sahihi. Daraja D ni la gari dogo binafsi. Kubeba abiria kwa nauli ni daraja C. Karibu kila mkataba wa bima unasema dereva awe na leseni halali kwa gari na kazi anayoifanya.

MCHOMOKO: HAPA NDO KWENYE SHIMO

Sasa turudi kwenye siti. Michomoko mnaijua. Inatoka Ngara mjini kwenda Benaco, Rulenge, Kabanga, mingine mpaka Nyakanazi. Probox ya kiwandani ina nafasi ya watu 5 pamoja na dereva. Huku inabeba zaidi ya hapo na mpaka kwenye buti kuna watu.

Bima ya gari la abiria inakokotolewa kwa idadi ya siti, na gari la kubeba abiria kwa nauli linatakiwa pia kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2019 ikichukua nafasi ya SUMATRA. Kijana anayebeba abiria kwa bima ya "matumizi binafsi" amenunua bima ya kazi nyingine kabisa.

Chukulia gari la namna hiyo limepinduka. Abiria wawili wamefariki, wanne wako hospitali, mmoja wao anakatwa mguu. Majeruhi wanapewa PF3, mkaguzi wa magari anakuja kuliangalia gari. Ripoti yake inaandika kila kitu: benchi za kuchomelea, springi za kuongeza, idadi ya abiria. Kampuni inasoma ripoti hiyo, inatoa fomu uliyosaini, inaziweka pamoja. Basi.

ALIYEUMIA ANALIPWA NA NANI?

Hapa pana jambo wengi hawalijui. Sheria zetu za bima ya magari Afrika Mashariki zilitokana na za Mwingereza, aliyeanza kulazimisha bima hii kwao mwaka 1930, ndo maana zinafanana. Tuchukue ya Kenya kama mfano, Sura ya 405. Kifungu cha 16 kinasema kampuni haiwezi kumkwepa mtu wa tatu kwa kisingizio cha umri wa dereva, hali ya gari, idadi ya watu waliobebwa au uzito wa mzigo.

Kwa hiyo anayepaswa kulindwa ni mtembea kwa miguu uliyemgonga. Anaweza kulipwa hata kama gari lako lilikuwa limeinuliwa. Ila kampuni ikishamlipa kwa sababu kama hizo, inaweza kugeuka na kukudai WEWE hela yake.

Halafu sikilizeni vizuri: matumizi ya gari hayamo kwenye orodha hiyo. Na kampuni ina njia ya kwenda mahakamani kutaka itamkwe kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha au kupotosha jambo la msingi. Ikishinda, hailipi. Familia ya marehemu inabaki kukushtaki wewe mwenyewe, kijana ambaye mali yake yote ilikuwa gari lile lililopinduka. Kwa maana nyingine, springi peke yake si lazima ikumalize. Kinachokumaliza ni kuificha.

MPAKANI

Sisi wa Ngara tuna mipaka miwili, Rusumo kwenda Rwanda na Kabanga kwenda Burundi. Bima yako ya hapa haivuki peke yake. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo kwenye mpango huu, na Rwanda na Burundi wamo. Kadi hii unaipata juu ya bima yako ya hapa, kwa hiyo kama ya hapa ilijengwa kwa uongo, usitegemee ya njano ikuokoe. Na ukivuka kumbuka kote huko wanaendesha upande wa kulia.

UFANYEJE SASA

1. Kabla fundi hajaanza kazi, muulize wakala: nikibadilisha hiki, bei inakuwaje? Ukijua gharama yote mapema unaweza hata kuamua kuacha.

2. Andika barua fupi ya kutaja mabadiliko, weka picha na risiti za gereji. Wagonge mhuri kwenye nakala, nakala ukae nayo.

3. Soma fomu kabla ya kusaini. Angalia mistari mitatu: matumizi ya gari, dereva ni nani, siti ngapi.

4. Rekebisha kadi ya gari TRA kama umegusa injini au rangi.

5. Siku hizi bima ni ya kielektroniki. Ingia TIRA MIS, weka namba ya gari, hakikisha bima ipo kweli na aina ya matumizi ni sahihi. Usisubiri trafiki akuambie.

6. Ukinyimwa malipo na unaona umeonewa, omba sababu kwa maandishi. Unaweza kulalamika TIRA, ambao wana ofisi ya kanda Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Hapo ndo ile nakala yenye mhuri itakusaidia.

Najua kuna watakaosema ukitaja kila kitu bima inapanda na biashara inakufa. Ni kweli inaweza kupanda. Ila piga hesabu ya nyongeza hiyo kwa mwaka, halafu piga ya kumlipa mtu mmoja aliyekatwa mguu maisha yake yote. Kama biashara haiwezi kubeba hesabu ya kwanza, ya pili itaibeba vipi?

Wenye swali au uzoefu na madai ya bima, hasa nyie wa michomoko, leteni tujadili.