Chokaa, Saruji na Ujira wa Mwashi katika Mji Mkongwe

Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe wa Unguja hana haja ya kuambiwa kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, wala kwamba chokaa huupisha unyevu huo ilhali saruji huuzuia. Ataka kujua ni nani atakayempigia lipu ya ndani, kwa ujira gani na kwa muda gani, na hapo ndipo kazi hii ilipoingiwa na dhiki.

Mwashi mmoja wa makamo, ambaye rasilmali yake ni miko miwili, ubao wa kusawazishia na shimo la chokaa iliyozimwa, alilalamika kwa kirefu kwamba chokaa njema hutaka kulala shimoni majuma kadhaa, na kila tabaka lingojewe kabla ya kutiwa jingine, ndipo niru ipakwe juu na kusuguliwa mpaka ing'ae. Walakini mpangaji anayewania msimu wa wageni hasikii hayo, hununua mifuko ya saruji ya kilo 50, na chumba kikaisha kwa siku chache.

"Masika mawili hayapiti," alisema, "lipu inatoa chumvi, inavimba, inabanduka. Hapo ndipo naitwa mimi, nami nalipwa ujira wa kiraka."

Limuudhilo zaidi ni kwamba kuibandua saruji bila ya kuling'oa jiwe ni kazi kuliko kupiga lipu mpya, nayo hailipwi, kwani mwenye nyumba huihesabu kuwa ni usafi tu.

Afisa mmoja wa hifadhi alishikilia kwamba matengenezo mengi ya mji huo, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, sasa hufuata sharti la chokaa. Yamkini, lakini hakuonyesha hesabu yoyote, na waashi wasema mkaguzi hutazama uso wa nyumba uelekeao njiani, si ukuta wa chumbani uliokwisha kupakwa rangi.

Wenye mahoteli, ambao wageni wao huvutwa na kuta hizo hizo, huenda wakakubali kungoja, na ujira ukapanda. Lakini tanuri la chokaa hula kuni nyingi, na kuni zikipanda bei chokaa hupanda nayo, hata mwashi asitambue faida imepotelea wapi. Kwa sasa, bei ya lipu hukatwa mlangoni, kwa kadiri ya haraka ya mwenye nyumba.