Aliyemaliza wa Kumi

Kila ifikapo tarehe 20 Oktoba, taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Hotuba husomwa, gwaride hupigwa, na shuleni wanafunzi hutakiwa kuandika insha juu ya shujaa wampendaye. Mimi ni mwalimu, na insha hizo nimezisahihisha kwa miaka mingi. Karibu zote huwa na kasoro moja, wala si ya sarufi. Ni kasoro niliyokuwa nayo mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka 16, na aliyenisahihisha ni shujaa mwenyewe.

Ilikuwa Oktoba 1988. Michezo ya Olimpiki ya Seoul ilikuwa imemalizika siku chache tu zilizotangulia, na Peter Rono, kijana wa miaka 21, alikuwa ameshinda mbio za mita 1,500. Taji hilo hakuna Mkenya aliyekuwa amelitwaa tangu Kipchoge Keino alipolinyakua Mexico mwaka 1968. Sisi wanafunzi wa Uasin Gishu tulitembea vifua mbele kana kwamba medali ile ilining'inia shingoni mwetu.

Mimi, hata hivyo, nilikuwa na yangu moyoni. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mama alikuwa ameuza mahindi akapata nusu tu ya deni. Asubuhi hiyo nilitoka na nusu hiyo nimeifunga kwenye kitambaa. Mama alidhani naenda shuleni. Kumbe nilikuwa nimekwisha kata shauri: ningelipita lango la shule, niende Eldoret mjini kuwatafuta wakimbiaji nifanye nao mazoezi. Vitabu niliviona mzigo usio na faida.

Mvua ikaninyeshea njiani. Gari la mizigo likasimama, na dereva, mtu wa makamo aliyevaa kofia na koti la kawaida, akanifungulia mlango. Nyuma mlijaa magunia ya unga na kabichi. Nilimwamkia kwa adabu. Kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule, hakuniuliza niendako.

Ujana una kiherehere. Mazungumzo yalipogusa habari za Seoul, nilianza kumsomesha mzee yule historia ya riadha. Nilimweleza jinsi Keino, akisumbuliwa na maumivu ya nyongo, alivyoanguka katika mbio za mita 10,000, akapata fedha katika mita 5,000, kisha akakaidi ushauri wa madaktari na kujitosa katika mita 1,500. Nilimsimulia jinsi gari lilivyokwama katika msongamano wa magari naye akashuka, akakimbia hadi uwanjani. Masafa yenyewe niliyatia chumvi hadi yakafika maili kumi. Nikamalizia na Jim Ryun wa Marekani, aliyeshikilia rekodi ya dunia, akiachwa nyuma kwa mita zipatazo 20. Mzee alisikiliza, akatabasamu kidogo, asinikatize hata mara moja.

Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: ni nani aliyeongoza mzunguko wa kwanza? Sikujua. Maneno yake sitayanukuu, maana miaka ni mingi, lakini maana yake sijaisahau. Aliniambia kwamba nimemsahau Ben Jipcho. Jipcho ndiye aliyetoka mbio kama mshale, akaukamilisha mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, ili kasi ile iwachoshe wenye mazoea ya kungoja hatua za mwisho. Alijua kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa akijinyima medali. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho alimaliza wa kumi.

Nikiwa bado nalitafakari jambo hilo, gari likakata kona na kusimama mbele ya lango la shule yetu. Bawabu alikuja mbio, akavua kofia.

"Chamgei, Mzee Kipchoge!"

Msomaji mpendwa, laiti ardhi ingenimeza! Nilishuka miguu ikitetemeka, hata shukrani zikanikwama kooni. Mzee aliniaga kwa mkono, akaondoka na magunia yake. Baadaye ndipo nilipopata habari za mayatima wengi ambao yeye na mkewe, Phyllis, waliwalea nyumbani kwao, nikaelewa unga ule ulikuwa wa nini.

Sasa ningewezaje kuendelea na safari ya Eldoret? Niliingia ofisini na nusu yangu ya karo, nikitarajia kufukuzwa tena. Niliambiwa nusu ya pili imekwisha pata mdhamini. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye ndiye aliyetufundisha michezo pia, alikuwa ameomba ikatwe kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Hakuwa ameniambia neno. Nilisimama pale nikalikumbuka lile swali la mzunguko wa kwanza.

Sikuwa mkimbiaji. Nilikuwa mwalimu, na swali hilo nimelibeba katika kila darasa. Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mwanafunzi bora hubebwa juu juu huku akiimbiwa. Ni nani amkumbukaye mwalimu wa darasa la kwanza aliyemshika mkono akamfundisha kuandika herufi? Ni nani amtajaye dada mkubwa aliyeacha shule ili mdogo wake asome? Chanda chema huvikwa pete, lakini mkono unaokibeba chanda hicho hausemwi.

Sisemi kwamba mwenye kujitolea daima hubaki nyuma. Jipcho mwenyewe alipata fedha Munich mwaka 1972 katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuyo huyo, na mwaka 1973 akaweka rekodi ya dunia katika mbio hizo. Lakini si kila aongozaye mzunguko wa kwanza hupata zamu yake. Mwalimu wangu alistaafu bila cheti cha sifa wala picha gazetini. Aliaga dunia kabla sijamlipa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, Mashujaa Dei ijayo tuibadilishe insha. Mwanafunzi na amwandike shujaa wake, asimpunguzie sifa hata chembe. Kisha katika aya ya mwisho ajibu swali nililoulizwa ndani ya gari lile: ni nani aliyeongoza mzunguko wa kwanza? Na akiwa yu hai, mwanafunzi amwendee, akamshukuru kwa mdomo wake mwenyewe.