MAFUTA YA MBAO ZIKAAZO NJE: KUYACHAGUA NA KUYAPAKA

Wako watu katika nchi ya Songea, na hata huko Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, wapendao kujenga baraza ya mbao mbele ya nyumba, yaani sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, isiyo na kuta na mara nyingi isiyo na paa, ili wenyeji na wageni wapate kukaa jioni na kupunga hewa. Ni jambo jema. Lakini baada ya masika mawili au matatu ubao mmoja hulegea, kisha wa pili, na siku moja mguu wa mzee au wa mtoto huzama mpaka gotini. Hapo fundi hulaumiwa, na mti hulaumiwa pia. Mara nyingi kosa haliko kwa fundi wala kwa mti, bali liko katika kopo la vanishi lililonunuliwa dukani kwa sababu ya kung'aa kwake.

Yafaa kwanza kujua kwa nini mbao huoza. Mbao haiozi kwa uzee. Milango ya Unguja iliyochongwa zaidi ya miaka mia iliyopita ingali imara, maana imekaa pakavu chini ya baraza na vizingiti. Kinachoiozesha mbao ni kuvu, na kuvu haiwezi kuishi katika mbao kavu. Huanza kazi yake pale maji yaliyomo ndani ya mbao yapitapo sehemu moja ya tano ya uzito wa mbao ile ikiwa kavu kabisa, na husitawi zaidi kadiri maji yanavyozidi. Nchi yetu ya Songea hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha baina ya Novemba na Aprili. Kwa hiyo ubao ulio nje hulowa miezi mitano au sita mfululizo, kisha hukaushwa miezi mingine kwa jua kali na upepo. Ukilowa huvimba upande wa upana, ukikauka hunywea, na kwa kuvimba na kunywea huko hupasuka. Katika ufa ule maji ya masika yajayo huingia na kukaa. Jua nalo lina kazi yake: mwanga wake huvunja kile kitu kinachozishikamanisha nyuzi za mti, na ndiyo sababu ubao usiopakwa kitu hugeuka rangi ya majivu, ukawa na nyuzi zinazochoma nyayo.

Basi mtu akitaka baraza idumu, na aanze kwa mti wenyewe. Mninga wa mapori yetu ni mti bora kabisa: haunywei sana, na kiini chake chekundu hakiliwi na mchwa kwa urahisi. Lakini angalia, sifa hiyo ni ya kiini tu. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza na kuliwa kama mti mwingine wowote, na wauzaji wengine huiacha katika mbao ili zionekane pana. Tena mninga hukua polepole mno, hata miaka sabini na zaidi kabla haujafaa kupasuliwa mbao, nao umekatwa sana. Mtu aliyepata mninga wa halali, wenye kibali, hana ruhusa ya kuuacha uoze kwa uvivu.

Watu wengi hutumia mbao za paina kutoka mashamba ya miti, kama lile la Wino katika mkoa wetu au lile kubwa la Sao Hill huko Mufindi. Paina si mti mbaya, lakini bila dawa hauwezi kukaa nje. Mchwa huupenda na kuvu huupenda. Afadhali kununua zile zilizotiwa dawa kiwandani kwa kushindiliwa, zenye rangi ya kijani kama nguzo za umeme. Dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki, nayo huzuia mchwa na kuvu. Haizuii ubao kupasuka kwa jua na mvua. Kwa hiyo hata mbao za kijani hazina budi kupakwa mafuta. Na hapa pana neno kubwa ambalo kina mama wapashwe: vipande na takataka za mbao za kijani visitiwe jikoni hata kidogo. Aseniki ni sumu. Hutoka katika moshi na kubaki katika majivu, na majivu hayo yakimwagwa bustanini huharibu udongo. Marekani watengenezaji waliacha kuiuza dawa hii kwa baraza za nyumba za watu mwishoni mwa mwaka 2003, kwa ajili ya hofu hiyo. Mahali pa kukaa na kutambaa watoto wadogo, mninga ni salama zaidi.

Sasa tuje kwenye makopo. Vanishi na rangi ya kawaida hufanya ngozi juu ya mbao. Ndani ya nyumba ngozi hiyo ni nzuri. Nje, juu ya sakafu ikanyagwayo, haifai. Ubao huvimba na kunywea chini yake, lakini ngozi haiwezi kufuatana nao, hivyo hupasuka mahali padogo, pengine kwenye kichwa cha msumari. Maji hupenya hapo na kuenea chini ya ngozi, wala hayapati njia ya kutoka, kwa maana ngozi iliyokusudiwa kuyazuia yasiingie sasa yayazuia yasitoke. Ubao huoza huku juu ukiwa bado unang'aa. Na ikifika siku ya kupaka upya, haiwezekani kupaka juu ya magamba. Sharti kukwangua yote mpaka kwenye mti, kazi ya siku nyingi na mikono mingi. Aliyeona vanishi ni rahisi dukani na ahesabu pia ujira wa kukwangua.

Kinachofaa ni mafuta yenye rangi ndani yake, mepesi, yanayonywewa na mti wala hayabaki juu. Mafuta haya huingia katika matundu madogo ya nyuzi na kuyazuia maji, lakini mvuke wa ndani huweza kutoka. Hayapasuki wala kubanduka, kwa maana hapana ngozi ya kubanduka. Hufifia tu kidogo kidogo, na yakififia hupakwa mengine juu yake. Mwenye duka asikushawishi kununua yale yasiyo na rangi kabisa, ati yanaonyesha uzuri wa mninga. Mafuta matupu huzuia maji, lakini hayazuii jua. Chembe za rangi ndizo kivuli cha mbao. Wala rangi isiwe nyeusi mno, kwa maana saa sita mchana haikanyagiki kwa miguu mitupu. Hudhurungi ya wastani, inayoacha mistari ya mti kuonekana, ndiyo njema kwa nchi yetu.

Wengine hutumia mafuta ya kitani peke yake. Yale mabichi hukawia kukauka siku nyingi, na katika unyevu wa masika huota ukungu mweusi, maana ni chakula. Yaliyotiwa kikausho ni afadhali, nayo pia yataka rangi.

Oili chafu ya magari hatuwezi kuipita kimya, maana hupakwa kila mahali, na kweli hufukuza maji kwa muda. Lakini haikauki. Huchafua nguo, hufanya ubao uteleze, na mvua ya kwanza huichukua mpaka shambani na kisimani pamoja na madini na uchafu wa injini unaodhuru ngozi na mwili. Kwa nguzo za zizi watu wataendelea kuipaka, hata tukiandika nini. Kwa baraza wanapokaa watu na kula chakula, haifai kabisa. Kadhalika ile lami nyeusi ya makaa ya mawe, ambayo John Bethell wa Uingereza alipewa hati ya kuitumia kwa mbao mwaka 1838 na ambayo imeokoa magogo mengi ya reli duniani, si kitu cha kupaka mahali pa kukaa.

Jambo hili la mafuta si geni kwa watu wetu. Wanamaji wa pwani, toka Lamu hata Kilwa, walivipaka vyombo vyao sifa, ambayo ni mafuta ya maini ya papa, katika sehemu iliyo juu ya maji. Na chini ya maji walipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo kilipwelezwa, kikakwanguliwa, kikapakwa tena, mara kwa mara, kabla mbao hazijaonyesha ubovu wowote. Harufu ya sifa haistahimiliki barazani, lakini desturi ile ya kupaka kabla ya kuharibika ndiyo tunayoihitaji.

Wakati wa kazi ni kiangazi. Mwezi wa Juni na Julai ni wa baridi na umande, na mafuta hukawia; Agosti na Septemba ndiyo miezi bora. Anayengoja Novemba amechelewa. Mbao mpya zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, mpaka zikauke. Kisha zisuguliwe kwa msasa wa namba 60 au 80. Msasa laini kupita huo hufanya ubao ung'ae kama sahani, na ubao wa namna hiyo haunywi mafuta. Halafu udondoshe matone ya maji juu yake. Yakinywewa kwa dakika chache, ubao uko tayari. Yakikaa juu kama umande juu ya jani la myugwa, basi ama ubao una maji bado, au una mafuta ya zamani, au umelainishwa mno.

Mbao zipakwe pande zote nne kabla ya kupigiliwa, kwa sababu upande wa chini hautafikiwa tena. Na zile ncha zilizokatwa kwa msumeno zipakwe mara mbili au tatu. Mafundi wengi husahau hapo, nako ndiko mbao huanza kuoza, kwani nyuzi za mti ni kama mirija, na penye ncha midomo yote i wazi. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita tano ili maji yashuke. Na nguzo zisimame juu ya mawe au zege, si udongoni. Misumari na skrubu ziwe zile zisizoshika kutu.

Koroga kopo kwa kijiti mpaka chini, maana rangi hutuama. Paka asubuhi au alasiri, si jua la utosini, kufuata nyuzi, ubao mmoja toka mwanzo hata mwisho bila kupumzika katikati. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini pitisha kitambaa na kufuta yote yasiyonywewa. Hapa ndipo watu hushindwa, wakiona wamepoteza mafuta. Lakini mafuta yaliyobaki juu hufanya ile ngozi tuliyoikimbia, tena yenye kunata. Mninga hunywa kidogo, paina hunywa sana. Lita moja hutosha mita za mraba sita hadi kumi kwa mkono mmoja wa kupaka, basi baraza ya mita tatu kwa nne, ikipakwa mara mbili upande wa juu, itataka lita tatu au nne. Isikanyagwe kwa siku mbili.

Vile vitambaa vya kufutia ni hatari iliyofichika. Mafuta ya kitani, na mengi ya makopo haya yana kitani, hukauka kwa kuvuta hewa, na katika kuvuta hewa hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoa. Vitambaa vilivyokunjwa na kutupwa pembeni pamoja huzidi kupata joto ndani yake, na baada ya saa kadhaa, wakati watu wamelala, huweza kuwaka moto bila kiberiti wala cheche. Nyumba yenye paa la nyasi haina nafasi ya pili. Vitandazwe nje kimoja kimoja juu ya mawe mpaka vikauke vikiwa vigumu, au vitiwe katika kopo la maji lenye kifuniko.

Kila mwaka, mara mvua zinapokwisha, mwenye nyumba afagie baraza, aondoe majani yaliyokwama katika nafasi za mbao, aisugue kwa brashi na maji ya sabuni, aiache ikauke. Ukungu wa kijani unaoteleza usiachwe hata wiki. Achokoe kwa ncha ya kisu penye kichwa cha nguzo na kwenye ncha za mbao. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, ubao huo utolewe siku ile ile, kabla haujamzamisha mtu. Kisha arudie matone yake ya maji. Yakisimama, mafuta yangali yafanya kazi. Yakinywewa, apake mkono mmoja kabla ya Oktoba. Baraza iliyo chini ya paa huweza kungoja miaka miwili au mitatu. Iliyo wazi juani yataka kila mwaka, au isipite miwili.

Mafuta yaliyobaki yafungwe vizuri na kuwekwa mbali na watoto na moto, wala yasimwagwe mtoni. Nalo kopo likiisha litobolewe chini mara moja, kwa maana kopo zuri lenye kifuniko halikosi kuchotewa maji ya kunywa, na sumu yake haitoki kwa kuoshwa.