Kabla hujauza gari la safari

Mnunuzi anayeijua kazi ya utalii haanzi na rangi wala viti. Analala chini ya Land Cruiser yako na kutafuta mahali chesesi ilipokatwa. Bei inaamuliwa hapo, na ushauri wangu kwa muuzaji wa Karatu ni huu: mpeleke huko wewe mwenyewe.

Toyota za familia ya 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, hazikutoka kiwandani na paa la kuinuka wala urefu tunaouona kwenye magari ya safari. Mafundi, wengi wao wa Arusha, hukata chesesi, huongeza kipande na kuchomelea. Kazi nzuri ina bamba la chuma juu ya kiungo, ncha zake zimekatwa mshazari. Ncha iliyokatwa wima hukusanya mkazo mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Lami inaishia lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara ya Serengeti, yanayokipiga kiungo hicho safari baada ya safari. Basi osha tope lote, na tafadhali usipake rangi mpya juu ya kiungo. Mnunuzi ataona unaficha kitu. Propela nayo, ikirefushwa bila kusawazishwa, gari hutetemeka likishika kasi.

Kwa majaribio, pandeni kutoka Mto wa Mbu. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, hupanda polepole, na huo si ugonjwa. Macho yawe kwenye geji ya joto. Kama umefungisha turbo, sema, na useme nani aliifunga.

Wengi hunaswa kwenye karatasi. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inazipa kampuni za utalii zenye leseni msamaha wa ushuru kwa magari yaliyotengenezwa kwa kazi hii. Ukimuuzia asiye na haki hiyo gari lililoingia kwa msamaha, ushuru unaweza kudaiwa. Ulizia Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutaja bei, si baada ya kupokea malipo ya awali. Namba za injini na chesesi zilingane na kadi ya gari. Kama ulibadili injini, rekebisha kadi kwanza. Halafu mkataba usainiwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe mara moja. Mnunuzi akisema atabadilisha jina baadaye, kataa: faini za barabarani hufuata namba ya gari, na jina lililo kwenye kadi bado ni lako.