Taa za Wavuvi wa Kibirizi

Sisi wa Tabora twala dagaa wa Kigoma karibu kila juma, lakini ni wachache kati yetu waliopata kuwaona wakitolewa majini. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa Septemba 2024, wanafunzi wa Chama cha Jiografia tulipanda gari moshi pamoja na mwalimu wetu, tukaifuata njia ya zamani ya misafara mpaka mwisho wake, ziwa Tanganyika.

Ni mwendo wa kiasi cha kilometa 400. Wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu mabegani, walikuwa wakiuhesabu kwa majuma. Na pamoja nao walitembezwa watumwa ambao hawakuwa na la kuhesabu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na sasa mtu huweza kulala Tabora akaamka karibu na Uvinza, penye chumvi ambayo misafara ilikuwa ikiinunua tangu zamani.

Kwanza tulikwenda Ujiji. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kabla hawajaja wote wawili kwetu Tabora, wakakaa Kwihara. Wengi wetu tulitazamia kuiona kumbukumbu yao ukingoni mwa maji, kumbe ziwa li mbali kidogo. Mwalimu alitueleza sababu. Siku zile maji yalikuwa juu zaidi. Halafu, baada ya mwaka 1875 hivi, yalivunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, yakatoka kwa wingi, na ufuko wa Ujiji ukabaki nchi kavu. Lakini ziwa halikuapa kutorudi. Tangu mwaka 2020 hivi limepanda tena, na huko mwambaoni tuliona kuta za nyumba zilizosimama majini, hazina watu.

Jioni tulifika Kibirizi, kijiji cha wavuvi kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ambapo pia hupandwa maboti ya kwenda Gombe. Msomaji asidhani atakuta ufuko mtupu wa kutembea na kuokota makombe. Mchanga wote una kazi: hapa mitumbwi imepandishwa, pale nyavu zimeanikwa, na kila mahali harufu ya dagaa, ambayo baada ya saa moja pua huacha kuilalamikia. Anayetaka kuogelea aende upande wa kusini, karibu na Katonga, kwenye vighuba vyenye maji maangavu hata mawe ya chini yaonekana.

Tulimkuta mzee mmoja akishona wavu. Tulimwamkia, naye akatukaribisha tukae juu ya mtumbwi uliofunikwa. Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Babu, kwa nini mnavua gizani tu? Si afadhali kukiwa na mbalamwezi, muone mnakokwenda?"

Mzee akacheka. "Mwezi ni karabai ya Mungu, mjukuu wangu. Yangu itashindana nayo?"

Maana yake ni hii. Wadudu wadogo sana wa majini hupanda juu usiku, na dagaa huwafuata ili wawale. Taa ikiwashwa gizani, wadudu na dagaa hukusanyika chini yake. Na nyuma ya dagaa huja migebuka, ambao nao wamekuja kula dagaa. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru hutapakaa ziwa zima, samaki hutawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Basi siku hizo watu hupumzika, wakashona nyavu.

Zamani waliwasha mienge ya kuni na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Kisha zikaja karabai za mafuta ya taa, na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua. Chombo kikubwa chao huitwa kipe: mitumbwi miwili au zaidi iliyounganishwa kwa miti, na wavu mpana hushushwa chini katikati yake. Taa huachwa zikiwaka kwa saa nyingi. Samaki wakijaa, wavu huinuliwa kutoka chini yao.

Yafaa kujua pia kwamba dagaa hawa si ndugu wa dagaa wa Mwanza, ingawa sokoni kwetu hukaa meza moja. Wa Kigoma ni wa ukoo wa samaki wa baharini, nao wameishi katika ziwa hili lililo mamia ya kilometa kutoka pwani tangu enzi za kale sana. Ziwa lina kina cha meta 1,470 hivi, lakini sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa ya kupumulia samaki. Dagaa wote wa ziwa hili huishi katika tabaka la juu tu, nalo si nene.

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Kufika saa mbili taa zilikuwa zimeenea ziwani mpaka mbali, nasi kwa kitambo tulidhani ni mji wa ng'ambo ya Kongo. Ufukoni watu wengi walikuwa hawajalala, nasi hatukujua kwa nini mpaka mama mmoja mkaushaji alipotueleza. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikuwa zimelifunga ziwa ili samaki wazaane. Lilipofunguliwa, mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu. Hili lilikuwa giza kamili la kwanza tangu mwezi wa Mei.

Sababu za kulifunga si za uongo. Samaki wamepungua kwa miaka mingi: wavuvi wameongezeka, nyavu za matundu madogo hukamata hata wachanga, na maji ya juu yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba. Mimi naona kufunga ziwa ni haki. Lakini mama yule alikuwa amekopa mpaka mtaji wa beseni moja umekwisha, na mwanawe wa Kidato cha Pili alikaa nyumbani majuma matatu kwa kukosa nauli. Sikuwa na jibu la kumpa.

Alfajiri vyombo vikarudi. Mama alipata beseni mbili kwa mkopo, akawatandaza dagaa wake juu ya chanja za wavu, si juu ya mchanga. Dagaa wa chanja hukauka upesi na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Wa mchanga ndio tunaowatafuna bwaloni huku meno yakilia. Tulimsaidia kuwageuza mpaka adhuhuri, tukichungulia mawingu, maana mvua moja tu ingewaozesha wote.

Mvua haikunyesha. Siku ya pili gunia lake lilipakiwa katika gari letu, limeandikwa kwa makaa: TABORA.