Upande wa Pili wa Santuri

Ukibahatika kuipata santuri ndogo ya bendi ya Kitanzania ya miaka ya 1970, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, soma lebo zake kabla hujaipiga. Mara nyingi utakuta jina la wimbo ni lile lile pande zote mbili: huku sehemu ya kwanza, huku sehemu ya pili. Upande wa kwanza mwimbaji anatoa kisa chake chote, amwage lawama kwa mpenzi au awaombe wazee wamsamehe. Upande wa pili maneno yanapungua. Magitaa yanaanza kujibizana, besi inashuka, saksafoni inachomekea, na waliokuja kucheza wanapata walichokifuata. Wanamuziki wa dansi waliiita sehemu hiyo chemko.

Kwa watu wa huku Ushetu, mkoani Shinyanga, bendi hizo hazikuwa za mbali. Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilikuwa jirani, Tabora mjini. Western Jazz ilivuma Dar es Salaam, lakini aliyeianzisha mwaka 1959, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega, na magharibi iliyo kwenye jina la bendi ni magharibi hii hii ya tumbaku na pamba. Nyimbo zilirekodiwa, kisha santuri zenyewe zikakandamizwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu, na bendi nyingi zikabaki na kanda za redio tu.

Lakini nani aliyeukata wimbo vipande viwili? Ni fizikia. Upande mmoja wa santuri ya inchi 7 una nafasi ya dakika nne hivi kama unataka sauti itoke kwa nguvu. Ukilazimisha dakika nyingi zaidi, mifuo inabanana na sauti inapoa. Bendi iliyokuwa ikipiga wimbo mmoja ukumbini kwa dakika kumi ililazimika kuugawa, na kwa kuugawa ikatupa kitu ambacho hakikukusudiwa: santuri yenye upande mzima wa mdundo, usio na kisa.

Huko New York nako walikuwapo waliotafuta mdundo kama huo: tarehe 11 Agosti 1973, kijana mwenye asili ya Jamaika aliyejiita Kool Herc alikuwa akipiga santuri kwenye sherehe ya dada yake, mtaa wa Sedgwick, Bronx. Alikuwa ameshagundua kwamba wachezaji husubiri kipande kifupi ambamo mwimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja: hii ikimaliza kipande hicho, ile inakianza upya. Hip hop ilizaliwa hapo, kwenye kipande kisicho na maneno. Wachanaji walikuja kukalia mdundo uliokwisha kuwapo. Ndiyo maana siafiki wanaosema albamu ya hip hop isiyo na mchanaji ni kazi iliyoachwa nusu. Ni muziki huo uliorudi nyumbani kwake.

Albamu inayotajwa zaidi katika mkondo huu ni Endtroducing..... ya DJ Shadow, iliyotolewa mwaka 1996 na lebo ya Mo' Wax ya Uingereza. Jina halisi la DJ Shadow ni Josh Davis, Mmarekani wa California, na karibu kila sauti iliyomo aliichota kwenye santuri za watu wengine, nyingi zikitoka kwenye ghala la chini la duka moja la mjini Sacramento. Mwaka 2001 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa albamu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa vipande vilivyochotwa kwingine. Vifaa vyake vilikuwa vichache: mashine ya santuri ya Technics, mashine ya kuchotea sauti (sampla) ya Akai MPC60 na kinasa cha ADAT. Miaka kumi baada ya albamu hiyo, tarehe 7 Februari 2006, J Dilla wa Detroit alitoa Donuts, biti fupi fupi 31, siku aliyotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye akafariki.

Ili ujue albamu kama hizo zinasikikaje kwenye santuri, anza na mfuo. Upande mmoja wa santuri kubwa ya dakika 20 una mfuo mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Ukiunyoosha utapata zaidi ya mita 400. Upana wake ni mdogo kuliko unywele. Kuta zake mbili zimeinama nyuzi 45 kila mmoja; ukuta huu umebeba sauti ya spika ya kushoto, ule ya kulia. Mpango huo aliuandikia hataza Mwingereza Alan Blumlein mwaka 1931, ingawa santuri za stereo zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Besi ndiyo msumbufu. Ngoma nzito inataka mfuo uyumbe kwa upana mkubwa, na mfuo unaoyumba sana utamgusa jirani yake au utairusha sindano nje. Kwa hiyo tangu mwaka 1954 viwanda vilikubaliana kanuni moja: wakati wa kuchonga, besi za chini kabisa hupunguzwa karibu mara kumi, na sauti za juu kabisa huongezwa kiasi hicho hicho. Amplifaya ya santuri nyumbani kwako hufanya kinyume chake na kurudisha mizani. Ukichomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye redio isiyo na saketi hiyo, utasikia muziki mwembamba, wa matoazi matupu, na utamlaumu fundi bure. Mchongaji pia huzikusanya besi katikati, kwa sababu besi inayotoka tofauti kushoto na kulia huifanya sindano ipande na kushuka badala ya kwenda pembeni.

Kuna pia suala la mwendo. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi haibadili kasi yake, lakini duara la ukingoni ni refu na la karibu na lebo ni fupi. Ukingoni sindano inasafiri takriban sentimita 50 kwa sekunde. Ndani kabisa, 21 hivi. Sauti inayotetema mara 10,000 kwa sekunde inapata nafasi ya mikroni 50 kwa kila wimbi pale nje, na 20 tu kule ndani. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande huparuza kuliko wa kwanza, na ndiyo maana albamu ya DJ Shadow, yenye dakika zaidi ya 60, iliwekwa kwenye sahani mbili. Kila upande ukabeba kama dakika 16, na besi ikapata pa kujinyoosha.

Sasa tuingie kiwandani, na hapa mtu wa Kahama au Geita hahitaji mkalimani. Mwenye mtambo wa elusheni anajua kazi yake: dhahabu iliyonaswa kwenye kaboni huoshwa ikaingia kwenye maji yenye sianidi, kisha umeme ukipitishwa humo dhahabu huacha maji na kuganda kwenye pamba ya chuma. Santuri huzaliwa kwa kemia ya aina hiyo. Mchongaji huchonga muziki kwenye sahani ya alumini iliyopakwa lakeri laini. Sahani hiyo hunyunyiziwa utando mwembamba wa fedha ili ipitishe umeme, halafu huzamishwa kwenye dimbwi la chumvi za nikeli. Umeme ukiwashwa, nikeli huganda juu ya fedha, chembe kwa chembe, ikijaza kila kikunjo cha mfuo. Baada ya saa kadhaa hubanduliwa. Kilichobanduliwa ni kinyume cha santuri: palipokuwa na mfuo pana tuta. Huyo huitwa baba. Kwa baba hukuzwa mama, na kwa mama hukuzwa mihuri. Dhahabu yenyewe imewahi kufanya kazi hiyo: mwaka 1902 kampuni ya Edison ilianza kuuza silinda za muziki ambazo kielelezo chake kilipakwa mvuke wa dhahabu ndani ya ombwe.

Mihuri miwili hufungwa kwenye mashine ya kukandamiza, lebo mbili zikawekwa, na katikati likatiwa donge la plastiki ya PVC iliyopashwa moto. Shinikizo la kama tani 100 hulilaza donge hilo, mvuke hulilainisha, maji baridi huligandisha, na kwa nusu dakika hivi santuri imekamilika. Muhuri mmoja hutoa nakala kama elfu moja kabla haujachoka. Hapo ndipo panapozaa mjadala wa mkandamizo wa kwanza, ambao wakusanyaji huulipia fedha nyingi. Wana hoja, kiasi: nakala za mwanzo za muhuri huwa na kingo kali zaidi, na mchongo mpya wa miaka ya baadaye unaweza kuwa wa mtu mwenye masikio tofauti. Ila wanaoisifia Endtroducing..... kwamba kwenye santuri ni sauti isiyoguswa na dijitali wananichekesha. MPC60 ni mashine ya dijitali, na ADAT ni kanda ya dijitali. Uzito wa gramu 180 nao hauongezi chochote kwenye mfuo. Santuri nzito haipindi haraka, basi.

Ukwaru wa biti za enzi ile una chanzo kingine. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 10 tu kwa jumla, ikichukua vipimo 26,040 kwa sekunde. Maprodyuza wakabuni ujanja: piga santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, ichote ikiwa inakimbia, halafu iambie mashine iipunguze kasi. Sekunde 10 zikageuka 13 na nusu. Lakini mashine yenye kiwango hicho cha vipimo haiwezi kushika sauti inayozidi mitetemo 13,000 hivi kwa sekunde, na ukiipunguza kasi, kikomo hicho hushuka hadi chini ya 10,000. Matoazi yanapoteza makali, ngoma zinakuwa nzito na zenye giza. Ubahili wa kumbukumbu ukawa ladha, na leo kuna programu za kompyuta zinazouzwa ili kuiga kasoro hiyo.

Humo humo kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Santuri ya hip hop ya ala tupu hubeba mikwaruzo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya santuri ya zamani aliyoichota prodyuza. Imechongwa ndani ya mfuo na ni sehemu ya muziki. Ya pili ni ya nakala yako wewe. Utazitofautishaje? Kwa saa. Mzunguko mmoja wa santuri ya 33 na theluthi huchukua sekunde 1.8, kwa hiyo mchubuko uliokatiza mifuo hulia kila baada ya sekunde 1.8, wimbo uwe wa kasi yoyote. Mkwaruzo uliochotwa hurudi pamoja na mdundo: kwa biti ya mapigo 90 kwa dakika, kila mapigo manne, yaani kila sekunde 2.67. Ikipishana, mmoja ni wa msanii na mwingine ni wa santuri uliyoiweka vibaya.

Kinachosoma yote hayo ni almasi. Mkoa wa Shinyanga unaifahamu tangu mwaka 1940, John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipoipata Mwadui. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5. Ncha ya sindano ni punje ya madini hayo hayo, yenye mkunjo wa mikroni 18 hivi. Uzito unaoikandamiza ni gramu mbili, lakini sehemu inayogusa ni ndogo mno kiasi kwamba shinikizo hufikia tani kwa sentimita ya mraba. Chuma kingelika haraka. Sindano za chuma za gramafoni zilibadilishwa karibu kila upande. Almasi humaliza saa mia kadhaa.

Muziki wa vijana wetu nao umefika kwenye mifuo. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam, na baada yake kazi za maprodyuza kama Jay Mitta na Duke. Kwa singeli inayovuka mapigo 200 kwa dakika, duru nzima ya mapigo manne inakwisha kabla santuri haijamaliza mzunguko mmoja.

Kwa anayetaka kuanza kukusanya huku Ushetu, adui ni wawili. Vumbi jekundu la kiangazi huvutwa na umeme tuli wa PVC, kwa hiyo futa kwa brashi laini kabla ya kila upande, na usimwage maji ya kisima yenye chumvi juu ya mifuo. Joto ndilo baya zaidi: santuri iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana, Kahama hadi Nyamilangano, itafika imepinda. Zisimamishe wima, usizirundike. Na ukinunua iliyotumika, usiridhike na wimbo wa kwanza. Biti isiyo na mwimbaji haina sauti ya s inayoparuza ili ikuonye, kwa hiyo peleka sindano kwenye wimbo wa mwisho karibu na lebo usikilize matoazi. Yakiparuza kwenye santuri hiyo na kwenye nyingine unayoijua kuwa nzima, badilisha sindano. Yakiparuza kwenye hiyo peke yake, sindano mbovu ya mtu mwingine imeshaila, na bei ishuke.