Kabla ya Kaseti ya Kwanza

Khadja Nin alianza kuimba mbele ya wenzake katika kwaya ya kanisa kuu la Bujumbura akiwa na miaka saba. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1959, kitindamimba katika nyumba ya watoto wanane, kwa hiyo alitimiza miaka hiyo saba mwaka 1966, mwaka uleule ufalme wa Burundi ulipoondolewa na jamhuri ikatangazwa. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya mtoto yule wa kwaya na mwanamke tuliyemwona kwenye jalada kuna robo karne nzima. Mimi nafundisha kwaya hapa Gatumba, na kila mzazi anaponiletea kijana wake na kuniambia, "Mwalimu, huyu ni nyota, tumtolee albamu," robo karne hiyo ndiyo inayonijia kichwani.

Kwa asiyeijua Gatumba: ukitoka Bujumbura kuelekea Uvira, ukishavuka daraja la Rusizi, umefika kwetu. Mbele kidogo ni mpaka wa Kongo, na kusini ni Ziwa Tanganyika. Wamama wanapita na ndagala, mukeke, nyanya na mafuta ya mawese, wanarudi na vitenge. Kirundi tunakisema nyumbani, Kifaransa tulipigiwa darasani, na Kiswahili ndicho cha barabara: cha dereva, cha mvuvi, cha anayebadilisha faranga za Burundi na za Kongo. Watoto wa hapa wanazaliwa ndani ya lugha hizo zote, na wanaimba kwa yoyote iliyo karibu na mdomo.

Nilipomsikia Khadja Nin mara ya kwanza nilikuwa mwanakwaya tu, sijaanza kufundisha. Kaseti ilikuwa ya kunakiliwa, imeandikwa kwa kalamu ya mpira, na dereva wa basi dogo aliipiga tangu sokoni mjini mpaka kwetu. Kilichonishika kwanza ni utulivu wake. Hakuwa na haraka ya kutuonyesha kwamba anaweza kupanda juu. Sauti yake ni nzito kidogo, ina moshi ndani yake, na anamaliza neno kabla ya kulishika linalofuata, kama walivyofundishwa watoto wa kwaya wa zamani. Nyuma yake gitaa lilikuwa safi, ngoma za mkono zilicheza kwa mwendo wenye harufu ya Kuba, na waitikiaji walipangwa kwa sauti tatu tatu. Na maneno yalikuwa Kiswahili. Mrundi, kwenye kaseti iliyotoka Ubelgiji, anaimba Kiswahili chenye lafudhi ya upande wetu wa ziwa, na hakuna aliyemsahihisha.

Wasomaji wa pwani huenda wasione ajabu hapo. Kwetu Kiswahili kilikuja na misafara ya wafanyabiashara, kikakaa Rumonge na Uvira, kikaingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na askari wa Kijerumani waliojenga kituo chao mwaka 1897, kikatulia mtaa wa Buyenzi. Kwa miaka mingi watu wenye vyeo walikichukulia kuwa lugha ya mtaani, ya kufanyia biashara na kuachana nayo. Shule zetu zilikipa nafasi ya kweli baadaye sana, Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Khadja Nin alikuwa ameshakiweka kwenye maduka ya muziki ya Paris na Brussels zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo.

Njia aliyopita inajulikana, na inafaa kuitazama polepole. Mwaka 1975 alikwenda Zaire kusoma. Huko aliolewa, na mwaka 1980 akafika Ubelgiji na mwana wa miaka miwili. Hakuwa na kampuni, hakuwa na jina. Kama miaka mitano hivi baadaye alikutana na Nicolas Fiszman, kijana wa Kibelgiji anayepiga gitaa na besi, fundi ambaye baadaye alirekodi na wanamuziki wengi wakubwa wa Ulaya. Wawili hao walianza kutengeneza nyimbo pamoja. Khadja Nin alikuja na sauti, maneno na kumbukumbu ya nyimbo za nyumbani. Fiszman alikuja na vyombo, upangaji na ufahamu wa studio. Ilipita miaka kadhaa kabla ya albamu ya kwanza kutoka chini ya kampuni ya BMG.

Miaka hiyo kadhaa ndiyo habari yenyewe kwangu. Magazeti hupenda kuandika kwamba fulani "aligunduliwa", halafu msomaji anafikiri kulikuwa na usiku mmoja, mtu mmoja mwenye pesa, na mlango ukafunguka. Fiszman alifanya kazi ngumu zaidi ya kugundua. Alikaa. Alisikiliza wimbo ukiwa haujawa wimbo, akautafutia gitaa, akaurudia, akautupa, akautafutia gitaa lingine. Anayeandika nyimbo zake mwenyewe anahitaji mtu wa namna hiyo kuliko anavyohitaji mfadhili, kwa sababu mtunzi peke yake husikia wimbo ulio kichwani mwake, wala hajui ni kiasi gani cha wimbo huo kimefika nje.

Albamu ile ya kwanza haikuutikisa ulimwengu. Ilifungua njia. Ya pili ilitoka mwaka 1994 na jina lake ni *Ya Pili*. Ya tatu, *Sambolera*, ya mwaka 1996, ndiyo iliyompeleka kila mahali, ikisaidiwa na televisheni ya Ufaransa TF1 iliyoitangaza sana. Watu wengi wanaijua "Sina Mali, Sina Deni" bila kujua kwamba ni wimbo wa Stevie Wonder uliovalishwa Kiswahili. Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes. Lakini mimi nikitaka kumfundisha kijana, namrudisha kwenye ile ya kwanza, kwa sababu pale unamsikia mtu ambaye bado hajui kama watu watamsikiliza, na anaimba vilevile kwa uangalifu.

Mwimbaji mwingine, Kidum, namtaja kwa vijana wa kiume hasa. Jean-Pierre Nimbona, mtoto wa Bujumbura, aliyezaliwa mwaka 1974, alianza kama mpiga ngoma, akawapigia wengine tangu akiwa mdogo. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vilimfukuza, na mwaka 1995 alikuwa Nairobi, mkimbizi mwenye vijiti viwili vya ngoma. Albamu yake ya kwanza, *Yaramenje*, ilitoka mwaka 2001. Hesabu mwenyewe hiyo miaka ya katikati: kupiga katika bendi za wengine, nyimbo za wengine, usiku kucha. Ukisikiliza anavyoliweka neno juu ya mdundo, unajua kwamba mwimbaji huyu aliujua mdundo kabla hajaijua sauti yake. Kazi ya kuwapigia wengine haikumchelewesha. Ilimtengeneza.

Na yupo J.P. Bimeni, ambaye redio zetu zinampiga kidogo mno. Alikimbia vita hivyohivyo akiwa kijana, akapata nafasi ya kusoma Wales, akahamia London. Albamu yake ya kwanza akiwa na bendi ya Wahispania, The Black Belts, iliitwa *Free Me* na ilitoka mwaka 2018 kupitia kampuni ya Tucxone ya Madrid. Ni muziki wa soul, ule wa Otis Redding, na jasho lake lote. Alikuwa mtu mzima kabisa, na dunia ikamwita sauti mpya. Sauti ilikuwepo. Bendi ya kumjibu ndiyo iliyokuwa haijapatikana.

Sasa niseme kuhusu msichana mmoja wa kwetu, ambaye jina lake naliacha kwa sababu bado ni mwanafunzi na mama yake hajanipa ruhusa. Familia yake ilikuwa ikiishi Mushasha, hapa hapa Gatumba. Mwaka 2020 Rusizi ilitoka kwenye njia yake, ikaingia nyumba za Gatumba, nao wakahamishiwa kwenye mahema ya Kigaramango pamoja na watu wengine wengi. Maji yalirudi tena miaka iliyofuata, na ziwa nalo likapanda. Alianza kutunga huko kwenye mahema. Anaandika kwenye daftari la hesabu, upande wa kushoto Kirundi, upande wa kulia Kiswahili, na mara nyingi ubeti unavuka mstari wa katikati bila kuomba ruhusa. Wimbo wake mmoja unaorodhesha vitu vilivyopita vikielea mlangoni: beseni, kiti, kuku, sanduku la shule la kaka yake. Hakuna neno la kulia ndani yake. Alipouimba mara ya kwanza mazoezini, waimbaji wa sauti ya pili walianza kuitikia bila kuambiwa, na nikawaacha.

Jina la Gatumba likisikika nje, huwa ni kwa ajili ya mafuriko, au kwa ajili ya usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kibanyamulenge zaidi ya 150 walipouawa kambini, au kwa ajili ya baa iliyoshambuliwa Septemba 2011. Hayo yametokea na hayapaswi kusahauliwa. Ndiyo sababu naona wimbo wa mtoto huyu ni jambo kubwa. Anasema habari ya mahali hapa akiwa ndani yake, na anaijua kwa majina ya vitu.

Mjomba wake anataka aende studio mjini wiki hii hii. Naijua kazi ya studio hizo, na nawaheshimu vijana wanaoifanya, kwa sababu wamejifunza wenyewe, kwa umeme unaokatika. Unaingia, prodyuza ana biti tayari kwenye kompyuta, unachagua moja, unaimba juu yake, programu inanyoosha sauti pale ilipopinda, na jioni wimbo uko kwenye simu yako. Unalipa kwa wimbo mmoja. Kwa wimbo wa kuchezwa harusini inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba biti ilitengenezwa kabla ya wimbo, kwa hiyo wimbo ndio unaokatwa ili uenee. Ule wa beseni na kiti una beti zisizolingana urefu, mmoja mrefu, mwingine umekatika ghafla, kama maji yenyewe yalivyokuja. Ukiulaza juu ya biti, wa kwanza kufa ni huo ubeti uliokatika.

Tena wimbo mmoja na albamu ni kazi mbili tofauti. Albamu inadai nyimbo zinazoelewana: moja imwandae msikilizaji kwa nyingine, mwendo upande na kushuka, sauti ya mwimbaji ionekane kwa pande zake zote. Mtunzi mchanga akitoa nyimbo zake zote mojamoja, kila mwezi moja, anatumia akiba yake kabla hajajua ana nini. Vijana wananiambia siku hizi hakuna anayesikiliza albamu nzima. Labda. Lakini mwimbaji anayeipanga albamu anajisikiliza mwenyewe nzima, na hilo halina njia ya mkato.

Nimemwomba mjomba atupe muda, na haya ndiyo tunayofanya. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya msichana anabaki na daftari lake. Mzee mmoja jirani yetu anapiga ikembe, naye amekubali kukaa nasi; mwanzoni alisema nyimbo za watoto hazimhusu, sasa anafika kabla yetu. Yupo pia kijana wa besi kutoka Uvira, ambaye huja anaporuhusiwa kuvuka mpaka. Tunarekodi kwa simu, tunasikiliza, tunabishana. Msichana anasikiliza kuliko anavyosema, ila akisema hapana ni hapana. Mzee alitaka wimbo wa mafuriko uende taratibu kama ombolezo. Msichana akakataa, akasema siku ile watu hawakuwa wakilia, walikuwa wakihamisha vitu haraka. Tukauongeza mwendo, na ikembe ikakubali mara moja.

Kila wimbo ukishatulia tunaandika maneno yake safi, kwa tarehe, ili siku ikifika ausajili kwa jina lake katika ofisi ya haki za watunzi, OBDA. Mama yake amelitaka hilo kuliko kitu kingine chochote, naye yuko sahihi: wimbo unaotoka bila karatasi unaokotwa na mwenye studio, na hapo mtunzi anaanza kuomba kilicho chake.

Nimempa msichana pia kazi ya kusikiliza. Albamu ya kwanza ya Khadja Nin, *Yaramenje*, na *Free Me*, kila moja mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Kuhusu ya Bimeni alisema hajui Kiingereza cha kutosha. Nikamwambia asikilize pumzi, mahali anapoivuta na mahali anapoinyima. Alirudi ameweka alama ndogo za msalaba kwenye beti zake mwenyewe, kila mahali pa kupumua, na mbili kati ya alama hizo zilikuwa katikati ya neno. Tulizijadili jioni nzima. Moja tumeifuta, nyingine imebaki, kwa sababu hapo neno linapovunjika ndipo kuku anapopita.

Nyimbo zilizotulia bado hazitoshi albamu. Wiki ijayo tunarudi kwenye ule wa Kirundi ulioandikwa nyuma ya daftari, ambao hajatuimbia mpaka mwisho.